Ukulele ya likizo ya Desemba Malindi: ipi uichukue?

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: chukua ukulele (kigitaa cha nyuzi nne) ya saizi ya konseti, ya plaiwudi, yenye vikazio vya gia (vya kukazia nyuzi) na nyuzi za florokaboni (plastiki isiyomeza maji), na iwe imefika nyumbani kabla ya tarehe 10 Desemba. Kwa mtu mzima mwenye vidole vya kawaida, anayetaka kuongoza nyimbo barazani mkesha wa Krismasi na kuzirudia Mwaka Mpya, hilo ndilo chaguo letu.

Yanayofuata yanawahusu wenye hali tofauti: mwenye mtoto wa miaka saba, mpiga gitaa anayetaka kitu chepesi cha kusafiria, anayepiga hotelini kwa malipo, na yule aliyeachiwa ukulele na mgeni aliyerudi kwao na hajui ameachiwa mali au pambo la ukutani.

Kwanza, hali ya hewa. Desemba vuli inamalizia, kaskazi inaanza kuvuma kutoka baharini, jua ni kali na hewa bado nzito. Ala yenye ubao wa milimita mbili hupambana na mambo manne kwa siku moja: unyevu wa alfajiri, joto la mchana, chumvi ya upepo, na mikono ya wajomba na mashangazi waliotoka kuogelea sasa hivi, kila mmoja akisema "lete nijaribu". Ushauri wa watu wa nchi za baridi hausaidii sana hapa. Wao huogopa hewa kavu ya vyumba vinavyopashwa moto. Malindi adui ni maji yaliyo hewani.

Saizi nne

| | Soprano | Konseti | Tenori | Baritoni |
|---|---|---|---|---|
| Urefu mzima | sm 53 | sm 58 | sm 66 | sm 76 |
| Sehemu ya uzi inayolia | sm 33–35 | sm 38 | sm 43 | sm 48–51 |
| Upana wa chumba cha freti ya kwanza (freti ni vijiti vinavyokata shingo chini ya nyuzi) | sm 1.9 | sm 2.1 | sm 2.4 | sm 2.7 au zaidi |
| Tuni ya kawaida | G C E A | G C E A | G C E A | D G B E |
| Inamfaa | mtoto, msafiri | watu wengi | mpiga jukwaani | mpiga gitaa |

Vipimo hutofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini sentimita moja haibadilishi ushauri. Soprano, konseti na tenori hutuniwa sawa (nyuzi hukazwa zilie noti zile zile), kwa hiyo kodi ulizojifunza kwenye moja utazikuta kwenye nyingine. (Kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si za nyumba. Hizi hazidai mwisho wa mwezi.) Baritoni peke yake ndiyo imejitenga.

Soprano ndiyo iliyotangulia. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliteremsha Honolulu Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, na miongoni mwao walikuwemo mafundi mbao watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kigitaa chao cha nyuzi nne ndicho Wahawaii walichokifanya ukulele. Malindi ilipokea Wareno miaka 381 kabla ya hapo, mwaka 1498. Sisi tukaachiwa nguzo yenye msalaba, wenzetu wakapata ala.

Sifa ya soprano ni sauti kavu, fupi, inayoruka. Inaingia kwenye begi la mgongoni na haichoshi bega. Shida yake ni nafasi. Kodi ya D inataka vidole vitatu katika chumba kimoja cha freti ya pili, ambacho kwenye soprano hakifiki sentimita mbili. Kidole kimoja kikiegemea uzi wa jirani, kodi inatoa "tap" badala ya kulia, na anayejifunza anadhani kosa ni lake. Mara nyingi si lake, ni la chumba. Mtu mzima mwenye soprano afanye hivi: abonyeze nyuzi mbili za juu kwa ncha ya kidole kimoja kilicholala kidogo, uzi wa tatu kwa kidole kingine. Inafanya kazi, ila inachukua mazoezi ambayo kwenye konseti usingeyahitaji.

Mtoto wa miaka sita hadi tisa ndiye mwenyewe wa soprano. Ukimpa tenori kwa kuwa "atakua nayo", atakachokuza ni maumivu ya kiwiko.

Konseti inaongeza sentimita tano tu kwa urefu wote, lakini mkono unazihisi. Tumbo lake kubwa kidogo linatoa sauti yenye mwili, bila kupoteza ule mlio wa ukulele ambao watu wanautambua. Watu wanane barazani wakiimba kwa kiasi, inasikika. Watu ishirini ufukweni na kaskazi ikivuma, haisikiki, na hapo tenori pia haitakuokoa bila umeme.

Tenori ina nyuzi zilizokazwa zaidi, sauti nzito na inayodumu. Wanaodonoa nyuzi moja moja badala ya kucharaza hufurahia hapa, kwa sababu sauti inakaa muda wa kutosha kuunganisha melodi. Kwa anayepiga hotelini, tenori yenye pikapu (kidude kinachopeleka sauti kwenye spika) chini ya daraja (kipande kinachoshika nyuzi tumboni) ndiyo ya kununua. Kabla ya kulipa, fungua kijumba cha betri. Baadhi ya pikapu hutumia betri ya kidonge, nyingine ile ya mraba ya volti 9. Ipi ni bora si hoja. Hoja ni ipi utaipata dukani saa kumi na mbili jioni tarehe 24. Ile ya volti 9 ni rahisi zaidi kuipata. Na uchomoe waya ukimaliza: kwenye pikapu nyingi, waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Baritoni ni nyuzi nne za juu za gitaa, hazijabadilishwa chochote. Kama wewe ni mpiga gitaa, unaichukua na kupiga leo hii. Tatizo huonekana mkiwa wengi. Mtoto akiona mikono yako kwenye umbo la C lake, 0003 (uzi wa mwisho tu unabonyezwa, freti ya 3), yeye anatoa C, wewe unatoa G, na wimbo unaharibika bila mtu kujua chanzo. Kwa hiyo baritoni ni nzuri ukipiga peke yako au na wanaoelewa kubadili ufunguo (kuhamisha wimbo mzima juu au chini). Kufundishia wapwa, hapana.

Mpiga gitaa asiyetaka kununua baritoni ana njia nyingine. Funga kapo (kibanio cha shingoni) kwenye freti ya 5 ya gitaa, sahau nyuzi mbili nene: zilizobaki ni G C E A. Maumbo yanahamia moja kwa moja. Umbo lako la D linakuwa G ya ukulele, umbo la C linakuwa F, umbo la Em linakuwa Am. Ukilielewa hilo jioni moja, konseti haitakuwa na siri kwako.

Ipo pia banjulele, ambayo ina ngozi kama kigoma badala ya ubao. Ina kelele kuliko zote na inafaa maandamano ya barabarani. Sebuleni ni adhabu.

Plaiwudi, mbao nzima au plastiki

Wauzaji watakuambia mbao nzima ina sauti tamu zaidi, na ni kweli. Ubao wa kipande kimoja unatetema kwa urahisi na sauti yake hukomaa kadiri unavyoupiga. Lakini ubao huo unataka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na mwambao wetu uko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Mbao ikinywa unyevu inavimba, uso unapanda juu kama chapati, daraja linainuka nalo, na nyuzi zinakaa mbali na freti. Unabonyeza kwa nguvu, vidole vinauma, na kila noti inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa.

Kisha likizo inaisha na ala inarudi Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi. Sasa mbao inasinyaa. Dalili ya kwanza utaihisi kwa kiganja: ncha za freti zinachomoza kando ya shingo na kukukwaruza. Dalili ya pili ni ufa kwenye uso, na huo ni wa fundi. Familia inayokwenda na kurudi kila Desemba inaisafirisha ala kati ya hali hizi mbili, na ndiyo maana kwa hao hatupendekezi mbao nzima hata kama pesa ipo.

Plaiwudi ina tabaka tatu zilizolazwa kwa kupishana mkato wa mbao, kila moja ikimzuia mwenziwe kuvimba. Sauti inapungua utamu, tuseme hivyo bila kuficha, lakini inabaki ile ile kutoka bara hadi pwani. Kwa kucharaza na kuimba, tofauti hiyo wengi hawaisikii.

Plastiki ni ya boti, bwawa na watoto. Unaifuta chumvi kwa maji matamu na maisha yanaendelea. Angalia mambo mawili: freti zake mara nyingi ni plastiki ile ile, kwa hiyo zinalika, na ikisahauliwa juani nyuma ya kioo cha gari inaweza kupinda shingo, na shingo ya plastiki iliyopinda hainyooshwi.

Jambo la kando kwa wenye mafundi: Hawaii mbao inayotukuzwa ni koa, jamii ya mgunga wa kwao, lakini mwembe nao wanautumia na unaheshimika. Malindi miembe ya ngowe haina hesabu. Fundi akipata gogo la mwembe lililokauka vizuri, lisilo na fangasi, kuna kitu cha kujaribu humo. Mbambakofi wa milango ya Lamu tusiuguse. Ni mzito mno kwa uso wa ala ndogo.

Nyuzi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, kubwa kuliko ya soprano na konseti, na ndipo watu wengi hawaangalii. Ukulele nyingi za bei ya chini huja na nyuzi za nailoni. Nailoni inanywa unyevu na kulegea, hivyo alfajiri unatuni, saa nne unatuni, na jioni umechoka kutuni. Florokaboni haimezi maji, ni nzito zaidi kwa unene ule ule, kwa hiyo uzi unakuwa mwembamba na sauti inang'aa. Ukulele ya plaiwudi ya bei nafuu yenye florokaboni huishinda ya bei kubwa yenye nailoni iliyochoka.

Na Malindi, mji wa sulisuli, florokaboni si bidhaa ya ajabu. Ni ule mshipi wa mbele, karibu na ndoana, ambao samaki hauoni vizuri majini. Wapigaji wengi wa ukulele hununua huo huo. Ukienda dukani usitaje ratili. Soma milimita zilizoandikwa kwenye gurudumu. Kwa soprano na konseti vipimo ni hivi: A karibu 0.52, E karibu 0.66, C kati ya 0.81 na 0.86, G ya juu karibu 0.57. Hakikisha ni florokaboni tupu ya uzi mmoja. Mshipi wa kusuka ni wa samaki na ubaki huko.

Nyuzi mpya hunyooka kwa siku kadhaa, nailoni wiki nzima au zaidi. Ndiyo maana tumesema tarehe 10. Anayebadili nyuzi mchana wa tarehe 24 atatumia misa ya usiku akizungusha vikazio. Ili kuharakisha, kila ukimaliza kutuni vuta kila uzi kwa kidole katikati yake, uinuke kama upana wa kidole, kisha tuni tena. Rudia mara tano sita kwa siku. Usivute karibu na daraja. Fundo litateleza, au kwa ala dhaifu daraja lenyewe litaachia.

G ya juu au G ya chini

Ukulele ya kawaida ina uzi wa G ulio juu kwa sauti kuliko C na E zinazoufuata, yaani nyuzi hazipangwi kutoka nene hadi nyembamba. Mkono ukishuka, sauti inaanza juu, inashuka, inapanda tena, na hapo ndipo ule mlio wa kucheka unapotoka. Wapo wanaoubadili kwa G ya chini, oktavu moja chini yake (noti ile ile kwa sauti nzito), hetsi 196 badala ya 392.

Kwa kuimba pamoja, baki na G ya juu. Kwa kudonoa melodi ya wimbo wa Krismasi peke yako, G ya chini inakupa noti tano zaidi chini ya C, na nyimbo nyingi zinazihitaji. Lakini mwambao una neno lake: G ya chini mara nyingi ni uzi uliozungushiwa waya, na waya huo unashika kutu ya chumvi kabla ya nyuzi nyingine kuchoka. Tafuta ya florokaboni isiyo na waya, milimita 0.91 hadi 1.0. Uzi huo mnene hauingii kwenye mfereji wa ule mwembamba pale kichwani. Ukiulazimisha utakaa juu juu, na kila kodi itakuwa na G iliyopanda. Mfereji upanuliwe taratibu kwa kifaili chembamba, upana tu, bila kuongeza kina.

Vikazio, na kutuni kwenye upepo

Vikazio ni vya aina mbili. Vya msuguano vinachomoza nyuma ya kichwa kama masikio ya udi, ni vyepesi, na havina gia: ukizungusha kidogo tu sauti inaruka. Vikilegea uzi unarudi wenyewe. Kaza skrubu ndogo mwishoni kwa bisibisi, robo mzunguko. Vya gia vinachomoza kando, na unazungusha mara 14 hivi ili nguzo izunguke mara moja, kwa hiyo hata mtoto anafikia noti. Chumvi inavishika kutu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gia mwanzoni mwa likizo, kisha kitambaa kikavu kila jioni. Tone moja, mafuta yakifika kwenye mbao hayatoki.

Kutuni kwa programu ya simu kunafaa chumbani. Ufukweni simu inasikia upepo, mawimbi na redio ya jirani, na itakuambia uongo kwa ujasiri. Kidude cha kutuni kinachobana kichwani kinasoma mtetemo wa mbao wala hakijali kelele. Kama utapiga nje, hicho ni cha lazima kuliko mkoba mzuri.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda uani, subiri dakika kumi na tano ndipo utuni. Nyuzi zikipata joto zinalegea na sauti inashuka. Ukituni ndani kisha ukatoka, utatuni mara mbili.

Ufunguo wa C au wa G

Vitabu vingi vya kujifunzia vinaanza na C kwa sababu ni rahisi kwa vidole: C ni 0003, F ni 2010, G7 ni 0212, Am ni 2000 (namba zinasomwa kutoka G hadi A, sifuri ni uzi usiobonyezwa). Lakini vidole haviimbi.

Chukua "Usiku Mtakatifu", ambao kwa bahati nzuri ulizaliwa kwenye nyuzi: ulipoimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, uliimbwa kwa gitaa. Melodi yake inapanda oktavu moja na noti tatu zaidi. Ukiupiga kwa C, kilele chake ni F ya juu. Bibi atafika, mjomba atanyamaza, na wengine watashuka chini kimyakimya katikati ya mstari. Upige kwa G: kodi ni G 0232, D7 2020 na C 0003. Kilele sasa ni C tu, na nyumba nzima inafika. G ni ngumu kidogo kwa mkono wa mwanzo, ndiyo, lakini siku nne za kuzoea kuhama kati ya G na D7 ni bei ndogo.

"Jingle Bells" ni kinyume. Kiitikio chake chote kinatembea ndani ya noti tano tu, kwa hiyo C haimsumbui mtu. Kama una siku tatu za mazoezi, anza na huo: C, F, G7, na D7 inayopita mara moja.

Mkono wa kulia nao unachagua. Nyimbo za midundo mitatu: gumba chini kwa mdundo wa kwanza, kidole cha shahada kikigusa kidogo wa pili na wa tatu. Wengi hucharaza yote matatu kwa nguvu sawa na wimbo unakuwa kama kutwanga kisamvu. Na anayetaka kuingiza chakacha baada ya pilau, ahesabu sita, uzito kwenye moja na nne, mkono uwe mwepesi. Ukulele inaibeba vizuri. Taarabu zenye noti za nusu nusu ni suala jingine: freti zimekufungia, mwachie mwenye udi au fidla. Ala ndogo ya kigeni kupata nyumba mwambao si jambo jipya. Taishokoto ya Japani, ile yenye vitufe kama taipureta, ilikwisha kukaribishwa kwenye taarabu ya Mombasa.

Mkiwa nje karibu na msikiti, adhana ikianza mikono inatulia hadi imalizike. Waliokulia Malindi hawahitaji kuambiwa. Wageni wenu wa bara, waambieni mapema.

Kabla hujalipa

Iwe mpya au ya mkononi, iwe ya saizi gani, vipimo ni hivi na vinachukua dakika tano. Tuni kwanza. Piga uzi wa A mtupu, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12: kidude kinatakiwa kuonyesha A ile ile, oktavu juu. Ikipanda sana, uzi uko juu mno au daraja limegandishwa mahali pasipo pake. La pili huwezi kulirekebisha, irudishe.

Bonyeza kila uzi kwenye freti ya 3, utazame nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Iwe kama unene wa karatasi. Ikiwa unaona mwanga mpana, kodi zote za chini zitapanda, na F itakuwa na sauti ya kulalamika hata ukiwa umetuni sawasawa. Pima pia kimo cha uzi juu ya freti ya 12: milimita 2.5 hadi 3. Ikizidi, toa ule mfupa mweupe wa daraja, usugue upande wa chini kwa msasa namba 220 uliolazwa juu ya kioo. Kumbuka hesabu: kushusha nusu milimita kwenye freti ya 12, unasugua milimita moja ya mfupa. Sugua kidogo, rudisha, pima. Mfupa uliopita kiasi haurudi, na nyuzi zitaanza kuvuma kama nyuki.

Tazama nyuma ya daraja kwa kucha. Kucha ikiingia chini yake, gundi imeanza kuachia. Hili ndilo ambalo joto la gari hulimaliza: ala iliyofungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani kuanzia saa tano hadi saa tisa inaweza kurudi nyumbani na daraja mkononi. Ndani ya basi la Mombasa au Nairobi, ipakate. Buti si mahali pake.

Usiku iweke kwenye mkoba wake, mbali na dirisha la upande wa bahari, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usitie mchele badala yake. Unyevu hautatoka, ila fukusi wataingia.